Sauti ya Wifi Redioni

Mama Akaiti hakuwa mchoyo. Ukimwomba gimbi alikupa na majani yake, ukimwomba jembe alikuletea mwenyewe mpaka mlangoni na kukaa kidogo apige soga. Kitu kimoja tu hakumwazima mtu, nacho ni sehemu yake ya benchi kanisani. Benchi la kwanza la wanawake, upande wa bahari, pembeni kabisa karibu na ujia wa katikati. Hapo ndipo anapokaa mwanamke anayeanzisha nyimbo, na Mama Akaiti alianzisha nyimbo za upande wetu tangu mama yake mzazi alipolazwa kwenye kaburi lililo mbele ya nyumba yao.

Kanisa letu lina milango miwili kwa sababu wazee waliolijenga hawakuelewana. Watu wa bara, yaani wa upande wa ndani wa kisiwa, walitaka rangi zao, sisi wa bahari tulitaka zetu, basi kila upande ukapaka nusu yake na kutoboa mlango wake. Mpaka leo wa bara wanaingilia kwao na sisi tunaingilia kwetu. Mchungaji anasimama katikati, mguu mmoja kwenye buluu na mmoja kwenye nyekundu, asije akaambiwa anapendelea.

Na wimbo wa kale kwetu hauna kinanda. Mwanamke mmoja anaanza peke yake, anautupa mstari juu, wenzake wanaudaka, halafu wanaume walio nyuma wanajibu kwa tuki, ile sauti nzito ya tumboni, kama watu wanaosukuma gari lililokwama matopeni. Tuki kubwa ya upande wetu ilikuwa ya Papa Ngatama, mume wa Mama Akaiti. Mke anatupa, mume anajibu. Nyumbani hawakuwa wasemaji sana wale wawili. Mimi nadhani mengi yao waliyamaliza palepale kanisani, Jumapili hadi Jumapili, mbele yetu sote na sisi hatujui.

Kisha akarudi Metua.

Metua ni dada yake Papa Ngatama, kwa hiyo ni wifi yake Mama Akaiti. Aliondoka msichana kwenda Auckland, mji mkubwa wa ng'ambo, akafanya kazi ya kupika na kuosha vyombo kwenye jiko la nyumba ya wazee huko, akazeekea hukohuko. Alirudi na masanduku, magoti mabovu, na nywele alizozikata fupi kama za mwanamume. Uwanja wa ndege tulikwenda na mashada ya maua, na Mama Akaiti ndiye aliyemvika la kwanza. Akamkumbatia, akalia. Sikuona chochote kibaya siku ile, na nilikuwa nimesimama karibu.

Mambo yalianza na kikohozi. Ilikuwa ni msimu wa mvua, na Mama Akaiti kikamkamata kifua hasa, cha kutoa machozi. Mchungaji mwenyewe akamwambia apumzike nyumbani Jumapili hiyo, asikilize ibada kwenye redio ya kisiwa. Redio yetu hurusha ibada kwa ajili ya wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, na kwa njia ya simu inafika mpaka kwa watoto wetu walio ng'ambo. Ni neema kubwa, na sisemi vinginevyo. Mama yangu alisali kwa redio ile mpaka alipoitwa.

Basi Jumapili hiyo upande wetu ukawa hauna wa kuanzisha. Tukatazamana. Mimi nina sauti ya kuku anayetaga, hakuna aliyenitazama mimi. Metua akauliza kwa kunong'ona kama kuna ubaya akijaribu, tukamwambia jaribu tu. Akajaribu.

Mchana Papa Ngatama akafika nyumbani, akavua shati lake jeupe, akakaa mbele ya sahani yake, akasema maneno matano. Alisema, "Leo dada yangu kaimba vizuri." Akala.

Hayo maneno matano yalimkaa Mama Akaiti kooni kuliko kikohozi. Alikuwa amekwisha kuisikia sauti mwenyewe, kwenye redio. Aliniambia baadaye kwamba ilitoka kubwa, peke yake, imewameza wanawake wote, wala mimi hakunisikia wala mtu mwingine yeyote. Ilikuwa Metua tu, halafu nyuma ya Metua tuki ya mume wake inajibu. Alikuwa amekaa na blanketi begani, na alipoisikia ile tuki akahisi kama amefungua mlango wa chumba chake akakuta mwanamke mwingine amevaa nguo zake.

Kikohozi kikapona. Mama Akaiti hakurudi.

Jumapili iliyofuata alisema kifua bado. Ile nyingine akasema njia ina matope. Baada ya hapo akaacha kutoa sababu, akawa anasema tu kwamba yeye anasali nyumbani, na hakuna ibada iliyompita. Kweli hakuna iliyompita. Alikuwa anaoga, anavaa gauni lake jeupe la meza ya Bwana, anavaa na kofia yake ya makuti machanga aliyoisuka mwenyewe, anakaa kwenye kiti mbele ya redio, mgongo umenyooka. Ukipita barabarani ukimwona dirishani ungesema ni mwanamke mcha Mungu kuliko sisi sote tuliokuwa tunakimbia tumechelewa na vitoto vyetu.

Lakini mimi, binti wa mama yake mdogo, nilikuwa napita kwake kila Jumapili baada ya ibada kumpelekea chakula, nami nilianza kuona mambo. Ukimuuliza somo lilikuwa nini, halijui. Ukimuuliza mchungaji alihubiri nini, anasema alihubiri vizuri. Lakini ukitaja wimbo wa pili, anajua ni mstari gani Metua alivuta pumzi mahali pasipostahili. Siku moja nilifika mapema, mahubiri bado yanaendelea, kwa kuwa mjukuu wangu aliharisha nikatoka. Nikakuta redio imezimwa. Mama Akaiti anamenya ndizi, kofia kichwani. Akatazama saa, akapangusa mikono, akaiwasha. Wimbo ukaanza. Akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza majirani wanagombana.

Nikajifanya sikuona. Dada mkubwa humwambii kila unachokiona.

Maswali yake kwangu yalikuwa yaleyale. Alitaka kujua Metua alivaa nini, alikaa wapi, ni kweli kakaa pale pembeni. Nilimwambia hapana, mahali pako hapajakaliwa na mtu, Metua anakaa pa pili kutoka ujiani. Hakuniamini. Alitaka kujua kama watu walimpongeza mlangoni. Nilimwambia ukweli, kwamba Metua anaimba kwa shida, nyimbo nyingi za kale kazisahau, sauti yenyewe ndogo, sisi ndio tunamsukuma kutoka chini ili asianguke.

"Poko, mdogo wangu," akaniambia, "usinipake mafuta. Mimi ninayo masikio. Mwanamke anaimba mpaka bati la jirani linatetemeka, wewe unaniambia sauti ndogo."

Nikaona ananiona mwongo. Na mimi nikamwona yeye ndiye aliyeziba masikio kwa wivu. Kumbe sote wawili tulikuwa tunasema kweli, ila mimi sikuwahi kuisikiliza ibada yetu kwenye redio, maana kila Jumapili nipo ndani, na ile siku moja nilimtazama yeye, wimbo sikuusikiliza.

Metua hakujua chochote, au labda alijua na akafanya hajui. Kila Jumapili alituma chakula kwa kaka yake na wifi yake. Majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, samaki wa ndimu, na ile saladi ya viazi vyekundu kwa bitiruti ambayo wanaotoka Auckland huitia mayai mengi kuonyesha wamefika mbali. Papa Ngatama alikuwa bado kwenye kikao cha wazee wa kanisa wakati huo. Akifika anakuta chakula cha mkewe tu. Cha dada yake nguruwe walikwisha kukimaliza. Nguruwe wa Mama Akaiti walinenepa msimu ule, kila mtu aliona, na watu wakawa wanamuuliza anawalisha nini.

Mchungaji akaenda kumtembelea. Nilikuwepo, nilikuwa namsaidia kukausha majani ya kusukia. Mama Akaiti alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akampa nazi ya kunywa. Mchungaji wetu ni mtu wa polepole. Alizungumza kwanza mvua, akazungumza mbuzi wa shule waliovunja ua, ndipo akasema kanisani wanamkosa. Mama Akaiti akamjibu kwamba Mungu hana mlango, na anasikia kutoka jikoni kama anavyosikia kutoka madhabahuni.

"Ni kweli, Mama. Mungu hana mlango," mchungaji akasema. "Lakini kanisa linao, tena miwili, na yote iko wazi. Mungu hatakukosa ukikaa hapa. Sisi ndio tunakukosa."

"Mnaye mtu wa kuwaanzishia."

"Simzungumzii mtu wa kuanzisha. Nakuzungumzia wewe."

Mama Akaiti akatazama pembeni. Mchungaji akamaliza nazi yake, akaomba nasi, akaondoka. Alipofika barabarani Mama Akaiti akaniambia kwamba wachungaji siku hizi wanafundishwa kusema maneno matamu chuoni. Lakini alikaa muda mrefu na ule ukuti mkononi bila kuusuka.

Kwa wenzetu wa bara hii ilikuwa karamu. Kule wanaye Mama Teuira, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kuona jeraha bila kulibonyeza kidole. Yeye alisema upande wa bahari sasa wana muumini anayesali na spika, na kwamba siku ya mwisho malaika watamtafuta Mama Akaiti kwenye masafa ya redio. Maneno yale yakamfikia. Kisiwa chetu ni kidogo, neno halihitaji kutembea, linaegemea tu ukuta linaangukia kwa jirani. Mama Akaiti akasema waache waseme. Ila Jumapili hiyo alipandisha sauti ya redio mpaka mwisho, na mbwa akatoka nje.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, ya kwanza katika mwezi. Wanawake wote tumevaa nyeupe, kofia nyeupe, ukisimama nyuma unaona kama ndege wa baharini wamejaa mwambani. Mama Akaiti alikuwa kwenye kiti chake nyumbani. Papa Ngatama alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe, kwa sababu mkewe alikuwa ameacha kulipiga. Ndiyo, mpaka shati. Mama Akaiti aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa hawezi kulinyoosha shati la mwanamume anayekwenda kumjibu mwanamke mwingine, hata kama mwanamke huyo alizaliwa naye tumbo moja.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Kwenye mstari wa mwisho Metua akafanya kitu. Akainyanyua ile sauti, akaizungusha mara moja hewani kabla ya kuishusha. Hiyo ni nyanyua ya mama mzazi wa Mama Akaiti. Hakuna mwingine kisiwani aliyekuwa nayo isipokuwa mama yule, na baada yake Mama Akaiti.

Mama Akaiti akasimama. Hakuzima redio. Akatoka na ndala za jikoni chini ya gauni jeupe, akashika njia ya kanisani. Hakwenda kusali, alisema hivyo mwenyewe. Alikwenda kuchukua kitu chake. Njiani alikuwa anapanga maneno. Angeingia, angetembea katikati mpaka benchi la kwanza, angemwambia wifi yake mbele ya watu wote, sogea, umekalia mali ya mama yangu.

Lakini alipofika kwenye mlango wetu, kukawa kimya ndani. Mchungaji anaomba. Ukiingia kwetu wakati wa sala kanisa zima linakuona, maana mlango uko mbele, ubavuni mwa mimbari. Akasikia aibu. Akatazama ndala zake. Miguu ikamgeuza, akazunguka nyuma ya kanisa, akaingia kwa mlango wa bara, ulio nyuma.

Mnaosali kwenye makanisa yenye mlango mmoja hamtaelewa. Wapo wazee waliokufa kisiwani hapa bila kuukanyaga mlango wa upande wa pili. Mimi nilifungua macho kabla ya amina, ni tabia yangu mbaya, nikaona katikati ya kofia za wanawake wa bara kofia ninayoijua. Nikadhani ni joto linanidanganya macho.

Alikaa benchi la nyuma, na aliyekuwa pembeni yake ni nani kama si Mama Teuira.

"Umepotea njia, Mama, au umetuhamia?" Mama Teuira akamnong'oneza.

"Nyamaza. Nasikiliza."

"Kwako hakuna redio leo?"

Mama Akaiti akajifuta jasho usoni. Mama Teuira, naye ana utu wake, akamsogezea upepeo wake.

Wimbo wa pili. Metua akasimama. Na hapo, kutoka upande wa pili wa kanisa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mama Akaiti akausikia upande wetu kama wengine wanavyousikia. Alisubiri ile sauti kubwa. Haikuja. Ilikuja sauti nyembamba, kama ya mtu anayemwita paka usiku asitake kuwaamsha wenyeji. Akaona sisi wanawake tumeinamisha vichwa, tunaisukuma kutoka chini kwa nguvu zetu zote. Akamwona mume wake. Papa Ngatama hakuwa amekaa kwa fahari. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya benchi lililo mbele yake, mishipa ya shingo imemtoka, anamvuta dada yake kwa tuki kama mtu anayevuta mwenzake kutoka kisimani.

Na akapaona mahali pake, pembeni kabisa, patupu. Metua alikuwa amesimama mahali pa pili, na kabla ya kila mstari alikuwa anageuza kichwa kupatazama pale patupu, ndipo anafungua mdomo.

Juu ya kichwa cha Metua, kwenye nguzo yetu ya buluu, ilining'inia maikrofoni ya redio. Ni hiyo moja tu kanisa zima. Fundi aliyeifunga alikuwa mtu wa kwetu, akaifunga upande wetu, karibu na mwanzishaji, na watu wa bara wanalalamika mpaka leo kwamba kwenye redio wao husikika kama wako Rarotonga, kisiwa kingine kabisa. Mama Akaiti alikuwa ameishi chini ya kile chuma miaka yote asikitazame. Sasa akakitazama.

Kwenye ubeti wa tatu Metua akapotea. Mstari ukamtoka kichwani, sauti ikakatika, nasi tuliokuwa chini hatukuwa na cha kushika. Tuki ikagonga mara mbili hewani, ikanyamaza. Kanisa likawa kimya kile kimya kibaya, mpaka ukasikia jogoo wa nyumba ya mchungaji.

Mama Akaiti alikuwa na ule mstari mdomoni. Aliniambia hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema. "Poko, nilifurahi. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilifurahi, kama mtu aliyekunwa mgongoni. Halafu nikaona mikono yake."

Mikono ya Metua ilikuwa imelikamata gauni kwa nguvu. Mikono ya kuosha vyombo, vidole vimepinda. Mama Teuira akamgusa Mama Akaiti kiwiko akamwambia awasaidie watu wake. Hakuweza. Kuanzisha wimbo wa bahari kutoka benchi la bara ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Mchungaji akasubiri, akaona hakuna linalokuja, akaendelea na mkate.

Baada ya ibada watu wakatoka, kila mmoja na mlango wake. Mama Akaiti alitaka kuondoka haraka, lakini ukitokea mlango wa bara lazima uzunguke tangi la maji ndipo uipate njia ya kwetu. Metua akawa amekwisha kufika kwenye tangi. Alikuwa amemwona. Nami nilikuwa nyuma ya Metua nimebeba kitabu chake, kwa hiyo niliyasikia haya, sikuhadithiwa.

Mama Akaiti ndiye aliyeanza. Alisema, "Ile nyanyua ni ya mama yangu."

"Najua," Metua akasema. "Nimeitoa kwako. Wifi, unajua nimekusikiliza miaka mingapi? Jumapili yenu kule ni Jumatatu, nami nilikuwa na zamu jikoni. Naweka simu kwenye rafu, juu ya sufuria, nawasikiliza nyinyi huku nakwangua masufuria. Na sauti niliyokuwa naisikia ni yako tu. Wewe tu, na kaka yangu nyuma yako. Nilikuwa naona wivu mpaka naizima. Nasema yule kabaki nyumbani, kapata kaka yangu, kapata wimbo, kapata benchi, mimi nimepata masufuria. Halafu naiwasha tena."

Mama Akaiti akavua kofia yake.

"Nilisali na simu miaka yote hiyo," Metua akaendelea. "Sikatai, ilinishika nisipotee. Lakini nikikohoa hakuna aliyegeuka. Nikikosea mstari hakuna aliyejua. Nikilia, simu inaendelea kuimba tu. Nikasema nikistaafu narudi, nikae karibu na yule mwanamke, bega kwa bega, aniimbie sikioni. Nimefika, wewe ukaondoka, ukaniachia shimo. Nawe unajua kila Jumapili naimba nalitazama shimo hilo? Umenikasirikia nini, wifi?"

Nilitazama chini. Ukimsikia mwanamke mzima akiuliza hivyo, huwezi kumtazama.

Mama Akaiti hakusema amekosa. Hakuwa mtu wa kusema hivyo mbele ya tangi la maji. Alisema, "Ile saladi yako, nguruwe wameipenda."

Metua akamkodolea macho. Mimi nikaona sasa ni vita. Lakini Metua akaanza kucheka, cheko la jikoni, la kushika mbavu, mpaka akaegemea tangi. "Nguruwe," akawa anasema. "Mayai yangu yote yale." Mama Akaiti hakucheka, lakini machozi yalikuwa yanamshuka huku amekaza mdomo, na alipoona ninamwona akaniuliza nasimama pale kama nguzo kwa nini, hakuna chakula nyumbani kwangu?

Nyumbani Mama Akaiti alimkabili mume wake, akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba Metua anapata taabu. Papa Ngatama akasema hakuulizwa. Akasema ile siku ya kwanza alifurahi kwa kuwa dada yake amerudi hai, akasema kaimba vizuri, na tangu siku hiyo amekula chakula baridi. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mzee yule.

Watu hunisikia nikisimulia habari za Mama Akaiti wakasema, basi wivu ulimtoka. Haukumtoka. Wiki ile yote alikuwa anazunguka na hasira zake, akisema Metua atabaki kuwa mwanzishaji maana sasa watu wamemzoea, akisema nywele zile fupi ni aibu kanisani. Mimi namjua. Lakini nimeona kwamba wivu ukiwa peke yako chumbani unakuwa na sauti kubwa, unaiamini, kwa sababu hakuna uso wa kuutazama. Ukikaa benchi moja na mtu unayemwonea wivu, unasikia anavyohema, unaona kandambili zimemkata mguu, unaona anahangaika kama wewe. Ndiyo maana nawaambia binti zangu, mgonjwa na akae na redio, ni haki yake. Mwenye miguu na aje. Hatuendi kanisani kumpelekea Mungu sauti asiyoisikia. Tunakwenda tuonane.

Jumapili iliyofuata aliingia kwa mlango wetu, viatu vyeupe, kabla ya kengele ya pili. Shati la Papa Ngatama lilikuwa limenyooka kama karatasi. Wanawake tukajifanya tunatafuta kurasa. Akafika kwenye benchi la kwanza. Metua akasogea ndani zaidi, Mama Akaiti akakaa pembeni, makalio yakagusana, maana wote wawili Mungu hakuwanyima.

Mchungaji akautaja wimbo. Kimya.

"Anza," Metua akanong'ona.

"Anza wewe. Umezoea."

"Wifi, anza. Ni mahali pako."

"Mimi bado nina kifua."

"Kifua gani, umetoka kumgombeza Poko sasa hivi mlangoni."

Hivyo hivyo, wewe, wewe, na kimya kinazidi. Upande wa bara vichwa vimeanza kugeuka, naona mabega ya Mama Teuira yanacheza. Mchungaji akautaja wimbo mara ya pili. Wale wawili bado wanasukumana kwa viwiko chini ya vitabu, mmoja hataki kutangulia na mwingine hataki kuonekana ametangulia.

Ndipo nyuma yetu, bila mwanamke yeyote kufungua mdomo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kanisa lile, Papa Ngatama akapiga tuki. Peke yake. Hu. Akasubiri. Akapiga tena, hu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe aliofungiwa nje. Wanaume wenzake wakaona haya kumwacha, wakaingia, na wote wakawa wanajibu wimbo ambao hakuna aliyeuanza.

Mama Akaiti na Metua wakageuka kwa pamoja kumtazama kwa ukali uleule. Halafu wakafungua midomo wakati mmoja, kila mtu na sauti yake, mmoja juu mmoja chini, hazikupatana hata kidogo, nasi tukaingia katikati yao kujaribu kuzifunga zisiachane.